Kisima cha kampuni hakirudishwi chote kwenye kodi

Ujumbe ule bado unazunguka kwenye magrupu, kuanzia Kibaigwa hadi Bahi: kampuni kubwa ikichimba kisima au kutoa madawati, eti serikali huirudishia fedha yote kupitia kodi.

Sivyo. Mchango unaokubalika kisheria huondolewa kwenye faida kabla ya kukokotoa kodi, si kwenye kodi yenyewe. Chukua kalamu. Faida ni shilingi milioni 100. Kodi ya asilimia 30 ni milioni 30. Kampuni ikitoa madawati ya milioni 1, kodi inakokotolewa kwa milioni 99, inakuwa milioni 29.7. Nafuu ni 300,000. Zile 700,000 zimetoka mfukoni mwake.

Wengi huchanganywa na neno "kupunguziwa", wakalisikia kama "kurudishiwa". Tena kwa wachimbaji wa madini, kuhudumia jamii ni takwa la sheria, basi watu hudhani kampuni zote ziko hivyo.

Sisemi kampuni zote ni njema. Kuna bango la nembo kubwa kuliko kisima chenyewe. Hilo liulize kwenye mkutano wa kijiji. Habari ya kodi imo kwenye Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania, Sura 332. Ujumbe ukikufikia, usiusambaze. Mrudishie aliyekutumia hesabu ya madawati.