Kugeuza kipato kuwa dola hakutoshi

Wengi huchukua kipato cha mtu, wakakigeuza kuwa dola kwa bei ya soko la fedha, kisha wakaamua nani anaishi vizuri. Hapo ndipo hesabu inapopotoka. Thamani ya sarafu hufuata biashara ya nje na mitaji. Haijui kinyozi anatoza kiasi gani. Penye mishahara midogo, kunyoa, kodi ya chumba na nauli huwa nafuu, ila bei ya simu iliyoagizwa kutoka nje haimhurumii mtu. Ndiyo maana tangu 1968 mpango wa kimataifa, ambao leo unaratibiwa na Benki ya Dunia, hulinganisha bei za bidhaa zinazofanana nchi kwa nchi, ili kupima uwezo wa kununua. Nacho kipimo hicho ni wastani tu: hakisemi pato limegawanywaje, na deni la nje bado hulipwa mara nyingi kwa dola halisi.