"Kila jamii humchonga mungu kwa sura yake": dhana potofu na ukweli

Msemo huo umegeuzwa rungu. Asiyeamini humpiga nao anayeamini, na anayeamini humpiga nao mwenye dini nyingine. Una ukweli mwingi ndani yake, ila umebebeshwa pia mambo yasiyokuwamo.

Dhana: Ni hoja ya wasomi wa kisasa wasioamini Mungu

Aliitoa Xenophanes wa Kolophon, mshairi na mwanafalsafa wa Kigiriki, yapata miaka 2,500 iliyopita. Miungu wa Waethiopia, alisema, ni weusi wenye pua bapa. Wa Wathrakia, watu wa kaskazini mwa Ugiriki, wana macho ya buluu na nywele nyekundu. Na lau ng'ombe, farasi na simba wangekuwa na mikono ya kuchorea, farasi wangechora miungu mfano wa farasi, na ng'ombe mfano wa ng'ombe.

Wanaopenda kumnukuu huishia hapo. Hawasemi kwamba yeye mwenyewe alimkiri mungu mmoja mkuu, asiyefanana na binadamu kwa umbo wala kwa fikra, na kwamba aliowakasirikia ni Homer na Hesiod, washairi wa kale wa Kigiriki waliowabambikia miungu wizi, uzinzi na hadaa. Hoja ilianza, basi, kama njia ya kumtakasa Mungu. Mwanafalsafa Mjerumani Ludwig Feuerbach ndiye aliyeigeuza mwaka 1841: binadamu huzichukua sifa zake bora, huzikuza, huziweka nje ya nafsi yake, kisha huzipigia magoti.

Dhana: Kinachoigwa ni sura

Rangi ya ngozi na nywele huonekana haraka, lakini mimi naona hilo ni dogo. Kubwa ni mpangilio wa madaraka. Marduk alikuwa mungu wa kawaida wa mji wa Babeli. Mji ulipoanza kutawala majirani, kuanzia zama za mfalme Hammurabi katika karne ya 18 kabla ya Kristo, naye akapanda cheo, hadi utenzi wa uumbaji wa Babeli ukamfanya mfalme wa miungu wote aliyemshinda Tiamat, mungu wa kike wa bahari, na kupewa majina 50. Zamu ya Waashuru ilipofika, yakaandikwa matoleo ya utenzi uleule ambamo jina la Marduk liliondolewa na la mungu wao Ashur likawekwa. Visa havikubadilika; aliyebadilika ni mwenye jeshi.

Uchina ya kifalme ilikuwa na mbingu yenye ofisi: Mfalme wa Jade juu, mungu wa kila mji chini yake kama hakimu wa wilaya, na mungu wa jikoni aliyepanda mbinguni kila mwisho wa mwaka kutoa ripoti ya familia. Hata Yesu alipitia njia hiyo. Katika makaburi ya chini ya ardhi ya Roma, Wakristo wa karne ya 3 walichora kijana asiye na ndevu, mchungaji mwenye kondoo mabegani. Dola ilipoipokea dini yao katika karne ya 4, akazidi kuonyeshwa ameketi kwenye kiti cha enzi.

Dhana: Kwa hiyo mungu ni nakala tu ya watu wake

Hapana. Wamisri wa kale walimchora mungu wao Anubis na kichwa cha mbweha na mwingine, Thoth, na kichwa cha ndege, ilhali hakuna Mmisri wa namna hiyo. Nabii Amosi, karne ya 8 kabla ya Kristo, alimtangaza Mungu anayewashambulia watu wake mwenyewe kwa sababu wanamuuza maskini kwa bei ya jozi ya viatu. Nakala gani hiyo inayomkemea mwenyewe?

Tena jamii haina sura moja. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani waliwaonyesha Wakristo 511 jozi za picha za nyuso na kuwauliza upi unamfanana Mungu zaidi. Wenye mrengo wa kiliberali walipata uso wa upole na wa kike zaidi. Wahafidhina, uso wenye nguvu zaidi. Vijana walimwona kijana. Ila wanawake hawakumwona mwanamke: uso wao ulikuwa wa kiume sawasawa na wa wanaume. Mazoea ya karne nyingi yalishinda kioo.

Dhana: Dini zinazokataza sanamu zimeepukana na jambo hili

Katazo huondoa mwili, halizimi fikra. Wanasaikolojia Justin Barrett na Frank Keil walionyesha mwaka 1996 kwamba watu wanaokiri Mungu yuko kila mahali, wakisimulia upya hadithi inayomhusu, humfanya amalize kazi moja ndipo ageukie nyingine. Utafiti wa mwaka 2009 ulikwenda mbali zaidi: waumini waliposhawishiwa kubadili maoni yao wenyewe, maoni waliyodhani ni ya Mungu yalihama pamoja nao. Wanatheolojia walilijua hili mapema. Maimonides, mwanazuoni wa Kiyahudi wa karne ya 12, alisisitiza kwamba mikono na hasira za Mungu katika maandiko zisichukuliwe kwa maana ya wazi, na wanazuoni wa Kiislamu walibishana kwa karne nyingi kuhusu mkono na kiti cha enzi, huku wote wakikubali kwamba hakuna chochote mfano wake.

Dhana: Imethibitishwa kuwa jamii kubwa huzaa Mungu mkali wa maadili

Bado ni ugomvi. Makala maarufu ya mwaka 2019 katika jarida la Nature, iliyodai kwamba miungu wanaoadhibu maovu huja baada ya jamii kukua, si kabla, iliondolewa na waandishi wake mwaka 2021 baada ya kukosolewa jinsi ilivyoshughulikia data zilizokosekana.

Dhana: Basi Mungu hayupo

Haifuati. Watu wakimchora vibaya mtu wasiyewahi kumwona, michoro inatueleza habari za wachoraji. Kama mtu huyo yupo au hayupo, ni swali jingine lenye hoja zake.

Dhana: Watu huunda miungu, basi imekwisha

Miungu nao huwashika watu. Maandishi ya ibada ya mwaka mpya wa Babeli yanaeleza kuhani akimvua mfalme alama za ufalme, akimpiga kofi, akimvuta masikio na kumpigisha magoti mbele ya Marduk aape kwamba hakuudharau mji wala kuwapiga wenyeji wake. Baadaye alipigwa kofi tena. Machozi yakimtoka, Marduk ameridhika. Yasipotoka, amekasirika, na adui atainuka kumwangusha.