Atabak: waziri mkuu wa Uajemi anayesimuliwa vibaya

Mirza Ali Asghar Khan aliwatumikia wafalme watatu wa Uajemi, akajulikana kwa vyeo kuliko kwa jina: kwanza Amin al-Sultan, kisha Atabak.

Eti alizaliwa katika ukoo wa wakubwa. Baba yake, mtu wa asili ya Georgia, alianza kama mtumishi wa vinywaji vya mfalme.

Eti alikuwa kibaraka wa Urusi maisha yake yote. Hili ndilo linalorudiwa zaidi. Mwaka 1890, Mwingereza Meja Talbot alipopewa biashara yote ya tumbaku nchini, Amin al-Sultan alikuwa upande wa London. Ikaja fatwa ya Mirza Shirazi, mwanazuoni mkuu wa Kishia, ya kukataza tumbaku, watu wakaacha kuvuta, na mwanzoni mwa 1892 mkataba ukafutwa kabisa. Ndipo akawageukia Warusi, na mikopo ya 1900 na 1902 ikatoka kwao. Lakini katikati ya mikopo hiyo, mwaka 1901, serikali yake ikampa Mwingereza William Knox D'Arcy haki ya mafuta, isipokuwa katika mikoa mitano ya kaskazini, Urusi isije ikakasirika. Kwangu mimi, bwana huyu alikitumikia kiti chake mwenyewe. Na alijua kukilinda: Naser al-Din Shah alipouawa mwaka 1896, aliuketisha mwili ndani ya gari la farasi, akarudi nao Tehran kana kwamba mfalme yu hai.

Eti alirudi 1907 kutoka ng'ambo kuivunja katiba mpya. Mfalme mpya, Mohammad Ali Shah, alimwita kwa tamaa hiyo, na watu wa bandari ya Anzali walikataa asishuke melini mpaka Bunge liliporuhusu. Alipofika, hata hivyo, alitafuta suluhu na wabunge wa msimamo wa kati. Jioni ya Agosti 31 alipigwa risasi akitoka Bungeni pamoja na Sayyid Abdallah Behbahani, mmoja wa viongozi wakuu wa harakati ya katiba.

Eti aliuawa kwa sababu ya mkataba wa Waingereza na Warusi. Mkataba wa kuigawa Uajemi katika kanda ulitiwa saini St. Petersburg siku hiyohiyo, lakini serikali ya Tehran iliarifiwa rasmi Septemba.

Eti inajulikana nani aliyemtuma muuaji. Muuaji mwenyewe, Abbas Aqa, kijana wa Tabriz, alijiua palepale. Wengi humtaja Haydar Khan na wanamapinduzi wenzake. Wengine huwanyooshea kidole watu wa mfalme, ambaye naye alikwisha kumchoka waziri wake.