Kwa nini kilele cha joto la Pwani huitwa kaskazi, wala si kiangazi?

Mtu wa Unguja akisema mwezi wa Januari kwamba kaskazi imeingia, hazungumzii dira. Anazungumzia fukuto: usiku haupoi, nguo zinagandana na mwili, na hata kivulini jasho halikauki. Neno hilohilo ni jina la upepo unaovuma kuanzia Desemba hadi Machi, na upepo huo ndio unaoeleza joto lenyewe.

Miezi hiyo bara la Asia liko kwenye baridi. Hewa ya huko huwa nzito, ikasukumwa kuelekea kusini, ambako nchi kavu imepata moto na hewa yake ni nyepesi. Njiani hupita juu ya Bahari ya Hindi yenye vuguvugu na kujaa unyevu. Kwa hiyo kaskazi haitupoozi kama kusi, upepo wa kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, ambao hutoka kwenye bahari baridi zaidi iliyo kusini mwetu.

Watu wengi hulilaumu jua la utosi peke yake. Lakini Dar es Salaam hupata jua la utosi mara mbili kwa mwaka: karibu na tarehe 10 Oktoba, na tena mwanzoni mwa Machi. Mbona basi Oktoba hakuna fukuto la Machi? Jibu liko baharini. Maji hupata joto polepole na kulipoteza polepole. Oktoba bado yana ubaridi ulioachwa na kusi. Kufikia Machi yamekwisha kupigwa na jua kwa miezi kadhaa, nayo huitunza hewa ya pwani isipoe hata alfajiri.

Kiangazi ni jambo jingine. Neno hili linatilia mkazo jua na ukosefu wa mvua, si lazima joto. Dodoma hukaa bila mvua takriban Mei hadi Novemba, na ndani ya kiangazi hicho Juni na Julai watu huvaa masweta. Pwani ikiwa kwenye kaskazi, Dodoma ndiyo kwanza inapanda mbegu kwa mvua zake.

Hapa ndipo wafasiri wanapoteleza. Julai ya Ulaya wakiiita kiangazi, msomaji huona majani makavu na vumbi, ilhali huko mvua inaweza kunyesha na bustani ni za kijani. Afadhali kuandika “majira ya joto”, na kilele chake kiwe “katikati ya majira ya joto”. Kuiita kaskazi ni kosa kubwa zaidi, maana Julai kwetu ni kipupwe na kusi inavuma kwa nguvu.

Tofautisha pia kaskazi na kaskazini. Kaskazini ni upande. “Upepo wa kaskazini” waweza kuwa wowote utokao huko, siku yoyote. “Upepo wa kaskazi” ni ule wa msimu, uliokuwa ukileta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi, yakangoja kusi ili yarudi.

Kati ya pepo hizo mbili kuna kipindi ambacho upepo hubadilika-badilika. Mabaharia hukiita tanga mbili, na mwezi wa Aprili, masika yakinyesha, ndicho kinachoiondoa kaskazi.