Uraghbishi ni nini, na kijana hufunzwa nini ili awe mraghbishi

Uraghbishi ni kazi ya kuwawezesha watu wa eneo moja wakae pamoja, wataje kinachowakera, wachimbe chanzo chake, kisha wachukue hatua wao wenyewe. Anayeifanya huitwa mraghbishi. Shina la neno ni raghba, yaani shauku, na ndicho hasa kinachotafutwa: wanakijiji wawe na hamu ya kushughulikia mambo yao ya umma bila kungoja mgeni ashuke kwenye gari jeupe.

Nchini Tanzania neno hili limeenea zaidi kupitia asasi za kiraia. Mtandao wa Jinsia Tanzania, TGNP, umelitumia kwa miaka mingi katika kazi zake za vijijini na katika vituo vya taarifa na maarifa. Mradi wa Chukua Hatua wa shirika la Oxfam, ulioanza mwaka 2010 na kufanya kazi Shinyanga pamoja na maeneo mengine, uliwafunza wakulima na vijana kuwa waraghbishi katika vijiji vyao wenyewe. Ulianza na majaribio kadhaa madogo. Yaliyozaa matunda yakaendelezwa, yaliyokwama yakaachwa. Ni utaratibu wa busara, na ni ajabu kwamba miradi mingi haiufuati.

Watu huchanganya uraghbishi na uhamasishaji. Mhamasishaji huja na ujumbe ulio tayari: pelekeni watoto chanjo, jiandikisheni, chimbeni vyoo. Nchi hii ina historia kubwa ya kazi hiyo. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya takriban watu milioni 2 kwenye vikundi vya kusikiliza redio, kila kikundi kikiwa na kiongozi aliyepewa mafunzo mafupi. Watu walisikiliza kipindi, wakajadili, wakatoka kwenda kufyeka vichaka na kuchimba vyoo. Yalikuwa mafanikio makubwa. Hata hivyo mada ilikuwa imechaguliwa na wakubwa kabla redio haijawashwa. Wanakikundi waliulizwa watatekelezaje. Ni kipi kitangulie halikuwa swali lao.

Katika uraghbishi swali hilo la pili ndilo hutangulia. Mizizi yake iko karibu zaidi na tafiti shirikishi za miaka ya 1970, kama ule mradi wa Jipemoyo wa Bagamoyo, ambako watafiti walikaa na wanavijiji na kuchambua nao maisha yao, badala ya kujaza madodoso na kuondoka.

Vipi kuhusu mwanaharakati? Huyo husimama mbele na kusema kwa niaba ya watu. Kazi yake ina heshima yake. Mraghbishi naye anatakiwa kukaa nyuma kidogo. Akiwa yeye peke yake ndiye anayenyoosha mkono kila mkutano, kazi imemshinda, hata kama anasema kweli tupu.

Hapo ndipo mafunzo ya vijana yanapokuwa magumu, maana kijana mwenye kipaji cha kuongea ndiye huchaguliwa kwanza kuhudhuria, na jambo la kwanza anatakiwa kujifunza ni kunyamaza. Wakufunzi wazuri huwapeleka washiriki nje ya ukumbi mapema. Wanatembea kijiji kizima, wanawaomba wakazi wachore ramani ya eneo lao ardhini kwa kijiti, wanaangalia kisima kimewekwa wapi, njia ya shule inapita wapi, nyumba ya nani imeachwa nje ya mchoro. Ramani ya wanawake na ya wanaume wa kijiji kilekile mara nyingi hazifanani, na tofauti hiyo pekee inatosha kuzua mjadala wa saa nzima.

Baada ya ramani huja zoezi la "kwa nini". Chukulia kijiji ambacho wasichana wanachelewa shuleni. Jibu la haraka ni kwamba wazazi hawajali elimu. Kwa nini wanachelewa? Wanateka maji kwanza. Kwa nini asubuhi yote? Pampu ya karibu imekufa, wanakwenda mtoni. Kwa nini haijatengenezwa? Hakuna fedha. Lakini kila ndoo ililipiwa tangu pampu ilipowekwa, kwa hiyo fedha ziko wapi? Hapo watu hukaa kimya, kisha mmoja anasema hesabu za maji hazijawahi kusomwa mbele ya wananchi. Ni safari ndefu kutoka "wazazi wa huku hawajali" hadi hapo, na ni lazima wanakijiji waifanye kwa miguu yao. Mraghbishi angeweza kuwaambia jibu kwa dakika moja, nao wangelisahau kabla ya jioni.

Sehemu inayofuata ni ya sheria, na ningeipa muda mrefu kuliko inavyopewa kwa kawaida. Hasira bila kujua mlango wa kugonga huishia kwenye kijiwe cha bodaboda. Ibara ya 21 ya Katiba ya 1977 inampa kila raia haki ya kushiriki kwa ukamilifu katika kufikia uamuzi juu ya mambo yanayomhusu. Ibara ya 146 inasema madhumuni ya serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Maneno hayo yanapata miguu kwenye Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982, ambayo inaunda mkutano mkuu wa kijiji wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Utaratibu ni kuukutanisha kila baada ya miezi 3, na hapo ndipo taarifa ya mapato na matumizi inapaswa kusomwa. Kwa hiyo kijana wa miaka 18 si mgeni mwalikwa kwenye mkutano huo. Ni mjumbe.

Kwa mfano wetu wa pampu, kuna mlango mwingine. Tangu Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019, miradi ya maji vijijini iko chini ya usimamizi wa RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, na uendeshaji wa kila siku unafanywa na vyombo vya watumia maji ngazi ya jamii. Anayejua hilo anajua barua iandikwe kwa nani na nakala iende wapi. Na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia njia ya kuomba taarifa kwa maandishi kutoka ofisi ya umma, nayo ofisi inafungwa na muda wa kujibu.

Halafu kuna kujifunza kusoma hesabu. Ruzuku ya uendeshaji kwa shule za msingi imekuwa ikipangwa kwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, sehemu yake ikibaki serikalini kwa ajili ya vitabu. Kijana anayeweza kuzidisha idadi ya wanafunzi kwa kiwango kinachofika shuleni, kisha akalinganisha na karatasi iliyo kwenye ubao wa matangazo, ana nguvu kuliko anayejua kupiga kelele. Mara nyingine hesabu inatoka sawasawa na mwalimu mkuu anasafishwa jina. Hilo nalo ni matokeo mazuri, ingawa halipigwi picha.

Kuna stadi moja ambayo vitini vingi huigusa juu juu: namna kijana anavyozungumza na wazee. "Mwenyekiti, shikamoo. Naomba kueleweshwa, fedha za ndoo za maji tunazisoma lini?" Swali hilo lina makali yote linayohitaji. Lingeulizwa kwa kidole na sauti ya juu, mkutano ungejadili adabu za muulizaji hadi jua lizame, na pampu ingebaki ilivyo. Kwa wasichana mzigo ni mzito zaidi, kwa kuwa akisimama kuuliza huulizwa kwanza ni mtoto wa nani na ameolewa wapi. Ndiyo maana waraghbishi wenye uzoefu huandaa swali na kundi, wakagawana: mmoja auliza, wa pili akumbushia, mama mtu mzima aunga mkono. Hakuna anayebaki peke yake mbele ya meza kuu.

Nini huharibu uraghbishi? Posho, kwanza kabisa. Mafunzo yakihamia hotelini mjini na fomu ya kusaini ikawa muhimu kuliko mada, wanaorudi kijijini hurudi na fulana. Pili ni siasa za vyama. Mraghbishi anayeuliza hesabu ataitwa mpinzani hata kama ana kadi ya chama tawala nyumbani, hivyo busara ni kujitambulisha mapema kwa mtendaji wa kijiji, kumweleza kazi ni ipi, na kutovaa rangi za chama chochote siku ya mkutano. Tatu ni muda. Mfadhili anataka matokeo ndani ya mwaka, ilhali kijiji kinaweza kuchukua misimu miwili ya kilimo kabla watu hawajazoea kuuliza. Hapo ndipo ripoti huanza kuhesabu waliohudhuria semina, kwa sababu hao wanahesabika.

Kipimo cha kweli ni kuangalia mkutano mkuu ambao mraghbishi hayupo, au yupo na amekaa kimya. Nani anauliza? Agenda imetoka kwa nani? Je, muhtasari wa mkutano uliopita umesomwa na kuthibitishwa kabla ya mengine, au mtendaji ameuruka na hakuna aliyemkumbusha?

Kijana anayetaka kuanza bila kungoja mradi anaweza kuanzia ofisi ya kijiji au ya mtaa wake, akiuliza mkutano wa mwisho ulifanyika tarehe gani na muhtasari wake uko wapi. Ni vema aende na wenzake wawili watatu, wakiwemo wasichana, na wabebe daftari.