Jina la Mke Liandikwe Mapema

Anayetaka kujua usawa wa wanawake umefika wapi Mombasa asianze na hotuba za tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake Duniani. Aombe kuonyeshwa risiti ya kodi ya kiwanja. Majengo, Kisauni, Likoni na kwingineko, nyumba nyingi za Kiswahili zimesimama juu ya ardhi ya mtu mwingine. Mwenye nyumba ana kuta na mabati, mwenye ardhi ana hati, na kodi ya kiwanja hulipwa. Ndiyo ile nyumba bila ardhi inayojulikana Pwani nzima. Kwa kuwa nyumba yenyewe haimo kwenye sajili ya ardhi, ushahidi wa umiliki hubaki kuwa zile risiti, na barua ya makubaliano kama ipo. Jina lililoandikwa humo mara nyingi ni la mume, au la kaka, hata pale simiti iliponunuliwa kwa pesa za mahamri na mbaazi.

Kwa upande wa sheria hatuna njaa. Kenya iliridhia CEDAW, mkataba wa kimataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, mwaka 1984. Katiba ya 2010 imeandika usawa katika Kifungu cha 27, haki sawa za mume na mke wakati wa ndoa na inapovunjika katika Kifungu cha 45, na katika Kifungu cha 60 ikataka ubaguzi wa kijinsia uondolewe kwenye sheria na mila za ardhi. Hata hivyo, shirika la Kenya Land Alliance lilipochambua hati za ardhi zilizotolewa kati ya 2013 na 2017, wanawake walikuwa wamepata asilimia 10.3 tu. Ile kanuni ya theluthi mbili, kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili ya viti vya kuchaguliwa au kuteuliwa, ndiyo inayopigiwa kelele zaidi: mwaka 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge kwa kushindwa kuitungia sheria, na Bunge halikuvunjwa. Hilo la Bunge litakwenda kwa mwendo wake. La risiti linaweza kushughulikiwa wiki hii.

Tuanze na mali ya ndoa, maana hapa ndipo penye uvumi mwingi. Utasikia mtu akisema ndoa ikivunjika kila mmoja anachukua nusu yake. Si kweli. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inagawa kwa kufuata mchango wa kila mmoja. Uzuri wake ni kwamba mchango si pesa pekee: kazi za nyumbani, kulea watoto, kusimamia biashara au shamba la familia na hata kuwa mwenza wa mtu, vyote vinahesabiwa. Mnamo Januari 2023 Mahakama ya Juu ilieleza kuwa usawa wa wanandoa hauleti mgawo wa nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila upande uthibitishe ulichotoa. Katika kesi hiyohiyo mke alibaki na nusu yake, kwa sababu mchango wake ulithibitika.

Basi neno zito ni kuthibitisha. Mwanamke anayeuza samaki au nguo Kongowea hana hati ya mshahara, lakini ana taarifa ya M-Pesa. Ana daftari la chama linaloonyesha mwezi aliopokea zamu yake, na risiti ya mabati aliyonunua wiki ileile. Ana fundi anayekumbuka nani alimlipa. Karatasi hizi huonekana takataka mpaka siku ya kesi. Ziwekwe pamoja, zipigwe picha, nakala ikae kwa mtu wa kuaminika nje ya nyumba hiyo.

Bora kuliko zote ni majina mawili kwenye hati, mkataba wa mauzo au risiti ya kiwanja. Mali ikisajiliwa kwa majina ya wote wawili, sheria huanza kwa kuchukulia kuwa kila mmoja ana sehemu sawa, na anayepinga ndiye mwenye kazi ya kuthibitisha. Sheria pia inakataza mali ya ndoa kuuzwa au kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenza. Lakini kuna jambo ambalo wengi halikuwafikia: haki ya mwenza iliyokuwa ikitambuliwa juu ya ardhi hata bila kuandikwa kwenye sajili iliondolewa katika Sheria ya Usajili wa Ardhi kwa marekebisho ya 2016. Kwa hiyo mke asiyeonekana kwenye hati, na anayehofia nyumba kuuzwa kimya kimya, aende kwa Msajili wa Ardhi akaombe zuio la kuuzwa kwa mali hiyo. Asingoje dalali aje na mnunuzi.

Kwa Waislamu, sheria hiyo ya 2013 inaruhusu mali ya ndoa yao iamuliwe kwa sheria ya Kiislamu. Mahakama ya Kadhi husikiliza masuala ya ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu pale ambapo wahusika ni Waislamu na wote wamekubali mamlaka yake. Rufaa huenda Mahakama Kuu. Katika mirathi ya Kiislamu, mjane mwenye watoto ana thumuni, yaani sehemu moja ya nane; binti ana nusu ya fungu la ndugu yake wa kiume. Mijadala mikali hufanyika kuhusu ukubwa wa mafungu haya, nami sioni ubaya wa mjadala. Ila kwenye madawati yetu ya msaada wa kisheria tatizo la kila siku ni jingine: hiyo thumuni yenyewe haijatolewa. Marehemu kazikwa, hitima imesomwa, kaka mkubwa anakusanya kodi ya vyumba, na akiulizwa anajibu kuwa si adabu kugawa mali mama akiwa hai. Mama, ambaye ni mrithi wa kwanza kudhulumiwa hapo, ndiye anayetumiwa kuwa kisingizio.

Wazazi wa kiume nao wana la kufanya. Baba Mwislamu anayetaka binti yake apate nyumba hawezi kutegemea wosia, kwani wosia hauzidi theluthi ya mali na haumfai mrithi bila warithi wenzake kuridhia. Njia iliyopo ni hiba, yaani zawadi anayoitoa akiwa hai, na hiba inahitaji tamko, kupokelewa na kukabidhiwa. Anayesema mbele ya wajukuu kuwa nyumba hii ni ya binti yangu, kisha akaendelea kuchukua kodi mwenyewe mpaka kufa, amemwachia binti kesi. Wapangaji waambiwe walipe kwa binti, na maandishi yawe na mashahidi.

Aliyekwisha kukwama anaweza kufika FIDA Kenya, shirika la mawakili wanawake, au Kituo cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria; yote mawili yana ofisi Mombasa. Aende na cheti cha ndoa, cheti cha kifo ikiwa ni mirathi, majina ya warithi wote, na hesabu ya kodi ya vyumba tangu mwezi wa msiba: chumba kipi, nani amepanga, analipa kiasi gani na kwa nani. Hesabu hiyo ndiyo inayokosekana mara nyingi, na bila hiyo ni vigumu kumdai kaka mkubwa kile alichokwisha kukusanya.