Usimvute mkono: maswali ya wanaotunza waliopata kiharusi

Kiharusi huacha ulemavu kwa nini?
Mshipa wa ubongo umeziba au umepasuka, na sehemu iliyokosa damu imekufa. Sehemu hiyo hairudi. Kinachowezekana ni sehemu za ubongo zilizobaki salama kujifunza kazi yake, na hujifunza kwa mazoezi. Nafuu kubwa huja miezi ya kwanza, lakini hata baada ya miaka mgonjwa anaweza kujifunza kujivalisha shati. Ukimvalisha wewe kila siku, hatajifunza.

Naweza kumwinua kwa kumvuta mkono uliolegea?
Hapana. Misuli inayoshikilia bega imelala, kwa hiyo ukivuta, mfupa unateleza kutoka mahali pake. Bega likishauma, mgonjwa anakataa mazoezi, mkono unakauka, na kazi yako inaongezeka.

Na nikivuta polepole? Au nikimshika kwapani?
Hapana, na hapana. Kwapani unalisukuma bega lile lile. Wala asikuning'inie shingoni, utaumia wewe.

Basi anatokaje kitandani?
Weka kiti upande wake wenye nguvu, kigusane na kitanda. Kama kina magurudumu, funga breki. Mvalishe viatu visivyoteleza. Akae ukingoni, nyayo zote mbili sakafuni, nyuma kidogo ya magoti. Mfunge mkanda mpana kiunoni. Simama mbele yake, goti lako likizuia goti lake dhaifu lisikunjike. Shika mkanda, kunja magoti yako, mgongo unyooke. Sasa ainame mbele mpaka pua ipite magoti. Hatua hii ndiyo wengi huiruka, kisha wanalalamika kwamba mgonjwa ni mzito. Hesabuni hadi tatu, asukume kitanda kwa mkono wenye nguvu. Geukeni kwa hatua ndogo, aketi akihisi kiti nyuma ya miguu. Akishindwa kabisa kusimama, muwe wawili.

Bega tayari linauma. Kuna mtu mtaani anayekanda na kurudisha mifupa.
Usimpeleke huko. Nenda kliniki ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, wiki hii, usingoje miezi ipite. Kwa sasa, anapokaa, mkono ulale juu ya mto, usining'inie. Na mkono usivutwe: si wakati wa kuoga, si wakati wa kuvaa, si wakati wa kumpandisha matatu.

Tunakaa ghorofa ya nne mtaa wa Pipeline, Nairobi, hakuna lifti.
Akiwa anaweza kutembea akishika reli, kupanda aanze na mguu wenye nguvu, kushuka aanze na ule dhaifu. Wewe kaa upande wa chini yake kila mara. Kama hawezi, mwombe mtaalamu akufundishe mazoezi ya nyumbani, lakini msiache dawa za presha kwa sababu ya ngazi.

Ninamtunza peke yangu. Mgongo unauma, silali, namfokea halafu nalia.
Huo si ubaya wa moyo, umechoka kupita kiasi. Hali hiyo ikizidi wiki mbili, nenda kliniki kwa ajili yako mwenyewe, upimwe presha na ueleze yote, hata kufoka. Halafu ita ndugu zako. Pesa za M-Pesa zinasaidia, ila mgonjwa asiyeweza kujigeuza anahitaji kugeuzwa takriban kila saa mbili, usiku pia, asipate vidonda. Waambie siku kwa majina: kaka alale hapa Ijumaa na Jumamosi, dada ashike Jumapili. Na kabla hujawaachia, waonyeshe namna ya kushika mkanda, maana mgeni wa zamu ya kwanza ndiye hukimbilia kuvuta mkono.